Bustani ya Ukumbusho na Miti ya Asili

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi, maduka ya Kigali hufungwa na wenyeji wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka na majembe kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda. Nyamirambo nayo, mtaa wa miteremko mikali uliopakana na Biryogo, ambako msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913 na ambako Kiswahili kingali lugha ya sokoni na barazani, hutoa watu wake asubuhi hiyo wakazibue mifereji na kupanda miti. Kwa kuwa mikono ipo, na kwa kuwa ni nadra kupata ukoo usio na marehemu aliyeuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, inafaa kueleza namna majirani wanavyoweza kuasisi bustani ya ukumbusho kwa mimea ya nchi yao wenyewe.

Mfano mkubwa uko Nyanza ya Kicukiro, upande wa pili wa mji. Tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walipoihama shule ya ufundi ya ETO, Watutsi zaidi ya elfu mbili waliokuwa wamekimbilia humo waliswagwa hadi kilima cha Nyanza wakauawa. Hapo ndipo msanii Bruce Clarke, akishirikiana na jumuiya ya manusura ya Ibuka, alipoanzisha mwaka 2000 Bustani ya Kumbukumbu, ambayo asili ya fikra yake ni mawe milioni moja, jiwe moja kwa kila roho, yakiwekwa kwa mikono ya jamaa na marafiki. Mimea nayo ina haki ya kuwapo mahali kama hapo, maana waliowindwa mwaka ule walisitiriwa na mafunjo ya mabondeni, mashamba ya mtama na vichaka, pale ambapo wanadamu wengi waliwafungia milango. Hata hivyo, ni wajibu kutaja kwamba Waislamu wengi walihatarisha nafsi zao kwa kuwaficha jirani zao majumbani.

Miti gani basi ipandwe? Mikaratusi inayofunika vilima vingi vya Rwanda, na mijakaranda inayopendeza macho barabarani, ni migeni. Mimi ningeutanguliza umuvumu, mti wa jamaa ya mikuyu, ambao zamani ulipandwa kuzunguka boma na gome lake likapondwa kuwa nguo. Nyumba ikibomoka na wenyewe wakatoweka, umuvumu husalia, hata mpita njia akatambua kuwa pale palikuwa na maskani ya watu. Hakuna shahidi mwenye taadhima kuliko huyo. Huota kwa kigingi kilichokatwa na kuchomekwa ardhini, ila mizizi yake hutambaa mbali, basi usiwekwe karibu na kuta wala makaburi. Ufuatwe na umuko wenye maua mekundu, umusave wenye maua ya manjano, na chini yake umuravumba na umubirizi, mimea ambayo wazee huijua kwa dawa. Kwamba mimea ya asili hustawi mjini ni jambo lililokwisha kudhihirika katika bonde la Nyandungu, lililofunguliwa kwa umma mwaka 2022 baada ya kupandwa miti 17,000 ya aina 55.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi moyo. Maombolezo ya taifa huanza tarehe 7 Aprili, na aghalabu watu hutamani kupanda siku hizohizo, mioyo ikiwa imelainika. Lakini mche wa Aprili hupata mvua ya wiki chache tu kabla ya kiangazi cha Juni hadi Agosti kuukuta na mizizi mifupi. Mche wa Oktoba hunyweshwa na vuli, kisha na masika, ndipo ukabiliane na jua kali. Kwa hiyo Aprili iwe ya kukumbuka, kupalilia na kutandaza majani makavu shinani, na upandaji uachiwe umuganda wa Oktoba. Kwenye mteremko, shimo lizungushiwe ukingo wa udongo upande wa chini ili maji yasikimbie.

Kisha zipangwe zamu za maji kwa kiangazi cha miaka miwili au mitatu, kila umudugudu, yaani kijiji, na wiki yake. Muumini wa Kiislamu hahitaji kuhimizwa sana, kwa kuwa amefundishwa kwamba mti ukiliwa na ndege, mnyama au mtu, aliyeupanda huandikiwa sadaka.

Wengi hutaka kila mche upewe jina la marehemu mmoja. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa sababu baadhi ya miche hufa hata ikitunzwa, na mama aliyempoteza mwanawe hapaswi kuliona jina lake juu ya kijiti kilichokauka. Majina yachongwe kwenye mawe, kama walivyoanza watu wa Nyanza, na miti iwe ya wote, ili mche uliokufa ung'olewe bila majonzi mapya na mwingine wa aina ileile upandwe Oktoba ifuatayo.