Ushahidi wa DNA katika Uainishaji Upya wa Kuvu Zinazounda Likeni: Mfano wa Jenasi ya Leptogium katika Milima ya Afrika Mashariki

Likeni, au kuvumwani, ni muungano wa kuvu na mwenzi anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ambaye huwa ni mwani au sianobakteria. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za utoaji wa majina, jina la likeni ni jina la kuvu yake. Makala haya yanafafanua namna DNA inavyotumika kuainisha upya kuvu hizo, na uzito wa matokeo yake kwa Jiji la Arusha na Mlima Meru.

Kwa muda mrefu uainishaji ulitegemea umbo, rangi, spora na kemikali. Kazi kuu kuhusu eneo hili, Macrolichens of East Africa ya Swinscow na Krog (1988), ilijengwa juu ya sifa hizo, na ingali msingi wa utambuzi. Hata hivyo, umbo lina mipaka yake. Kuvu zisizo na nasaba ya karibu huweza kufanana kwa kuwa zinaishi katika mazingira yanayofanana, na spishi moja huweza kubadilika sura kulingana na unyevu na mwanga.

Ili kuvuka mipaka hiyo, mtafiti hutoa DNA katika kipande kidogo cha sampuli, kisha hunakilisha sehemu maalumu kwa vianzishi vinavyolenga kuvu na si mwenzi wake. Sehemu itumikayo zaidi ni ITS, iliyopendekezwa mwaka 2012 kuwa alama ya pamoja ya utambuzi wa kuvu. Nyingine ni mtSSU, iliyomo katika mitokondria. Mifuatano inayopatikana hulinganishwa na kuchorewa mti wa nasaba.

Mfano ulio karibu na Arusha ni Leptogium, jenasi ya likeni zenye sianobakteria ambazo huvimba kama ute mzito zinapolowa. Mwaka 2021, Kaasalainen, Kirika, Mollel, Hemp na Rikkinen walichapisha uchunguzi wa sampuli za Kilimanjaro na vilima vya Taita nchini Kenya, zilizotoka savana hadi maeneo yaliyo juu ya msitu. Kwa kuunganisha ITS, mtSSU, umbo na ikolojia, walibainisha zaidi ya spishi tarajiwa 70. Kati ya hizo, tisa tu zilikuwa spishi zilizokwisha kutambuliwa katika eneo hilo. Hali kama hiyo ilidhihirika Amerika ya tropiki mwaka 2014, pale likeni iliyodhaniwa kuwa spishi moja, ya kundi la Cora, ilipogawanywa kuwa spishi zisizopungua 126.

Ni muhimu kutambua kwamba tawi katika mti wa nasaba si spishi yenye jina. Tofauti ndogo ya mfuatano huweza kuwa ya watu binafsi ndani ya spishi moja. Aidha, jina la kale huenda tayari ni la mojawapo ya matawi hayo, na suala hilo huamuliwa kwa kurejea sampuli ya asili iliyotumiwa kutoa jina. Kwa sababu hiyo, hebaria kama ile ya Taifa iliyoko Ngaramtoni, Arusha, haipotezi thamani yake kwa ujio wa DNA. Sampuli zake ndizo zinazoupa mfuatano maana.

Suala hili lina matokeo ya kivitendo. Likeni hutumika kupima ubora wa hewa, kwa kuwa spishi hutofautiana katika kustahimili uchafuzi. Mtafiti anayelinganisha magome ya miti ya Kwa Mrombo, eneo la makazi kusini mwa jiji, na ya msitu wa Mlima Meru atapotoshwa iwapo jina moja linaficha spishi mbili zenye ustahimilivu tofauti. Vilevile, sampuli ya Meru haiwezi kuhesabiwa kuwa sawa na ya Kilimanjaro kwa kufanana sura pekee. Katika uhifadhi athari ni kubwa zaidi: spishi isiyo na jina haiingii katika orodha ya spishi zilizo hatarini, na msitu wake ukifyekwa, hutoweka bila kuhesabiwa. Kwa hiyo, DNA, umbo na sampuli zilizohifadhiwa hazina budi kutumika kwa pamoja.