Al Oerter: Dhahabu Nne za Kisahani
Kisahani cha wanaume kina uzani wa kilo 2, na mrushaji hujizungusha ndani ya duara lenye upana wa mita 2.5 tu. Al Oerter wa Marekani alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu mara nne mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1968, mwaka ambao Kipchoge Keino aliishindia Kenya mbio za mita 1,500. Na hakulipwa kwa kurusha. Riziki yake ilikuwa kazi ya kompyuta. Tokyo, 1964, aliingia uwanjani akiwa na majeraha ya shingo na mbavu, kinyume cha ushauri wa madaktari. Jaribio la tano likafika mita 61.00, akashinda. Mwaka 1980, akiwa na miaka 43, alirusha mita 69.46, umbali ambao hakuwahi kuufikia ujanani.