Mel Stottlemyre na Mpira Uliokataa Kunyooka

Katika besiboli, mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira ukitoka mkononi kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa, humfikia mwenye gongo kabla ya nusu sekunde kwisha. Ukipinda kidogo tu mwishoni, hana tena muda wa kujirekebisha. Mel Stottlemyre aliishi kwa mpindo huo, kwanza kama mrushaji, kisha kama kocha.

New York Yankees walimpandisha Agosti 1964, akiwa na umri wa miaka 22. Kabla msimu haujaisha alikuwa ameshinda mechi tisa na kupoteza tatu. Katika fainali dhidi ya St. Louis Cardinals alianzishwa mara tatu, zote dhidi ya Bob Gibson, mmoja wa warushaji wa kutisha zaidi wa enzi ile. Mechi yao ya kwanza aliishinda. Ya saba, iliyoamua ubingwa, ikamponyoka. Hakucheza fainali tena. Yankees waliporomoka, naye akabaki nguzo yao kwa miaka kumi.

Silaha yake ilikuwa mpira wa kuzama, unaoshuka ghafla ukikaribia gongo. Mpigaji huugonga upande wa juu, nao hubiringika chini hadi mikononi mwa walinzi. Kwa kuwa wapigaji hutoka upesi, mrushaji huokoa nguvu: mwaka 1969 Stottlemyre alimaliza mwenyewe mechi 24 bila kupokewa na mwenzake. Hata hivyo, bega lina kikomo. Mwaka 1974 misuli inayokishikilia kiungo hicho ilichanika, na hapo safari yake ya uchezaji ikaishia.

Kocha wa warushaji hutazama mambo ambayo shabiki hayaoni: mguu unatua wapi, kiwiko kimeinuka kiasi gani, vidole vimekaaje juu ya mishono ya mpira. Akiwa New York Mets, Stottlemyre alimlea Dwight Gooden, aliyeshinda mechi 24 na kupoteza nne mwaka 1985 akiwa na miaka 20. Mwaka uliofuata Mets walitwaa ubingwa. Aliporudi Yankees mwaka 1996 kama kocha, timu ilitwaa mataji manne ndani ya miaka mitano.

Lakini kwangu mimi, ustadi wake ulionekana zaidi mwaka 1997. Mariano Rivera, mrushaji kutoka Panama, alikuwa akirushiana mpira na mwenzake wakipasha misuli, mpira ukaanza kukata kando wenyewe. Rivera hakujua sababu, na mwanzoni hakuutaka. Yeye na Stottlemyre wakajaribu kuunyoosha: wakabadilisha mshiko, wakachunguza namna mkono unavyoachia. Mpira ukaendelea kukata. Mwishowe wakauacha kama ulivyo.

Kocha mwingine angeshikilia vitabu vyake hadi amharibu kijana. Stottlemyre aliona kuwa kile walichokuwa wakikipiga vita kilikuwa kipaji. Mpira ule uliwaingilia wapigaji wa mkono wa kushoto karibu na vidole, ukawavunjia magongo mwaka baada ya mwaka. Rivera alistaafu mwaka 2013 akiwa amelinda ushindi wa timu yake mara 652, rekodi ya ligi kuu, na karibu kila mara akitegemea mpira huo mmoja.