Jina Lililo Chini ya Video: Sauti Zinazovuma Kisii na Nyamira

Video fupi zinazotengenezwa katika kaunti za Kisii na Nyamira, ziwe za vichekesho, za nyimbo za injili, za mapishi au za biashara, zinategemea sauti kuliko mtazamaji wa kawaida anavyodhani, kwa kuwa katika TikTok, na katika Instagram Reels na YouTube Shorts zilizoiga mtindo wake, sauti ndiyo inayoiunganisha video ya mtu mmoja na video za maelfu ya watu asiowajua. Kila video ya TikTok huwa na jina la sauti yake sehemu ya chini ya skrini, na anayeligusa jina hilo hufunguliwa ukurasa wenye video nyingine zilizotumia sauti hiyo hiyo, pamoja na kitufe cha kumwezesha naye kuitumia. Sauti inayovuma, basi, ni kipande cha wimbo, cha mazungumzo, cha mahubiri au hata cha kelele za sokoni, aghalabu cha sekunde chache tu, ambacho watu wengi wamekichukua kwa muda mfupi na kukitilia picha zao wenyewe.

Nguvu ya utaratibu huu ilionekana wazi nchini Kenya mwezi Aprili 2020, wakati Azziad Nasenya alipojirekodi akicheza wimbo "Utawezana" wa Femi One na Mejja, video ikasambaa nchi nzima, mchezaji akapata umaarufu na wimbo nao ukapata wasikilizaji wapya, huku vijana wengi wakirudia mtindo ule ule wa kucheza. Miaka mitatu baadaye, ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters kuhusu habari za kidijitali iliweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok, ambapo asilimia 54 ya waliohojiwa walisema wanaitumia kwa shughuli yoyote ile. Katika Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira, jina lililovuka mipaka kwa kasi ni la Embarambamba, mwimbaji ambaye jina lake halisi ni Christopher Mosioma, aliyejulikana kwa kujigaragaza kwenye matope, kupanda miti na kurukaruka mashambani huku akiimba, mpaka mwaka 2021 Ezekiel Mutua, aliyekuwa akiiongoza Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, akamkemea hadharani. Hata hivyo, umaarufu wa aina hiyo umesimama juu ya picha zaidi ya sauti, kwani wengi wanayakumbuka matope kuliko wimbo wenyewe, na picha ya kushangaza hudai picha ya kushangaza zaidi baada yake, ilhali mdundo mzuri unaweza kutumiwa na watu elfu bila kumlazimisha mwenyewe kuhatarisha shingo yake.

Kinachoamua video imfikie nani ni algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazopima mwenendo wa watazamaji na kukisia watakachopenda. Kanuni hizo huangalia kama mtu ameitazama video mpaka mwisho, kama ameirudia, kama ameitumia rafiki yake, kama ameandika maoni, na pia sauti na maneno yaliyomo. Mnamo Juni 2020 TikTok yenyewe ilieleza kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja cha mapendekezo yake, na hii ndiyo sababu kijana wa Nyansiongo aliyejiunga jana anaweza kutazamwa kuliko mtangazaji wa Nairobi mwenye wafuasi wengi. Ndiyo sababu pia wabunifu wa maudhui huweka jambo lenye mvuto katika sekunde za mwanzo kabisa, kisha huikata video mahali ambapo mdundo wa mwisho unaungana na wa kwanza, ili mtazamaji airudie bila kutambua kwamba imekwisha.

Hazina ya sauti iliyopo Gusii ni kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Abagusii 2,703,235, na kabla ya video fupi kuja, lugha yao ya Ekegusii ilikwisha kuzoea kusafiri kwa sauti kupitia redio kama Egesa FM na kupitia rekodi za benga za wanamuziki kama Christopher Monyoncho, ambaye gitaa lake hutambulika hata na asiyeelewa neno moja la wimbo. Ipo pia obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye bakuli la mbao lililowambwa ngozi, ambalo mpigaji hulipiga ameketi, na nyuzi zake hutoa mlio mzito wenye mtetemo. Spika ndogo ya simu haiwezi kuutoa uzito huo wote, lakini ule mtetemo wa juu hupita vizuri, na ndio unaomfanya msikilizaji asimamishe kidole. Mrekodi mwangalifu huisogeza simu karibu na chombo, hujikinga na upepo, na humwacha mpigaji amalize mzunguko mzima wa mdundo kabla ya kukata, kwa maana kipande kilichokatwa katikati hakirudiki vizuri.

Hapa ndipo penye dosari inayostahili kuwasumbua wote wanaoupenda muziki wa Gusii. Mtu anaporekodi kwa simu na kupakia sauti ambayo haimo katika maktaba ya programu, mfumo huiita sauti asilia na kuiandika kwa jina la akaunti iliyoipakia. Kwa hiyo, mgeni aliyehudhuria enyangi, yaani harusi ya kimila ya Abagusii, akimrekodi mzee akipiga obokano na kipande hicho kikavuma, jina litakalosomwa na ulimwengu chini ya kila video ni la mgeni mwenye simu, wala si la mzee aliyeupiga muziki. Aibu hii haiponyeki kwa kuandika maneno ya shukrani siku ya tatu, kwa sababu waliokichukua kipande hicho wanauona ukurasa wa sauti tu, na hawarudi kusoma maelezo ya video ya kwanza.

Hasara yenyewe si ya heshima peke yake. Tangu Februari 2023 YouTube imekuwa ikigawa mapato ya matangazo ya Shorts kwa hesabu inayotegemea sauti: video isiyo na muziki wa mtu mwingine hupeleka mapato yake yote katika fungu la wabunifu, yenye wimbo mmoja hupeleka nusu, na yenye nyimbo mbili hupeleka theluthi moja, sehemu nyingine ikienda kulipia haki za muziki, kisha mbunifu hupata asilimia 45 ya mgawo wake katika fungu hilo. Anayetaka kuingia kwenye mpango huo wa kugawana mapato kwa njia ya Shorts huhitaji wafuasi 1,000 na video zake zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, kiwango ambacho si rahisi kukifikia. Nchini Kenya, sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa msanii asilimia 52 ya mapato ya milio ya kusubiri simu kama Skiza, na wimbo uliovuma kwenye video huweza kuwavuta watu kuununua kama mlio. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 nayo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi wa Kenya.

Wafanyabiashara wana tahadhari yao. Mchongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka anayefungua akaunti ya biashara TikTok haruhusiwi kutumia kila wimbo unaovuma, bali huelekezwa kwenye maktaba ya muziki ulioidhinishwa kwa biashara, na hata wimbo unaoruhusiwa leo unaweza kuondoka kesho: mkataba wa TikTok na Universal Music Group ulipomalizika Januari 2024, video nyingi zenye nyimbo za kampuni hiyo zilinyamazishwa mpaka makubaliano mapya yalipofikiwa mwezi Mei. Mlio wa tupa ikisugua jiwe, ukirekodiwa vizuri, hauwezi kunyamazishwa na mkataba wa mtu yeyote, na pengine unaliuza jiwe hilo vizuri zaidi kuliko wimbo wa ng'ambo.

Watu wanaoonekana kwenye video nao wana haki zao. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mnamo Septemba 2023 klabu moja ya burudani ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Anayerekodi wauza ndizi wa soko la Daraja Mbili kwa ajili ya kujipatia wafuasi angefanya vyema kuwaomba ruhusa kwanza.

Kuhusu sauti yenyewe, hakimiliki ya rekodi huanza mara tu kazi inapohifadhiwa, lakini usajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, unaofanywa kwa njia ya mtandao, humpa mwenye kazi ushahidi wa kuonyesha panapotokea mgogoro. Hatua iliyo rahisi zaidi ni kumpeleka mpigaji studio, kuurekodi muziki kwa jina lake, na kuupeleka kwa wasambazaji wa muziki wa kidijitali ili uingie kwenye maktaba za programu kabla kipande cha simu hakijatangulia. Nyimbo za enyangi na nyingine zisizo na mtunzi mmoja ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayoitambua jamii yenyewe kuwa mwenye haki na kuzipa serikali za kaunti jukumu la kukusanya na kuandikisha urithi huo katika daftari, wajibu unaoziangukia Kisii na Nyamira kwa pamoja, kwa sababu obokano inapigwa pande zote mbili za mpaka wao.