Kabla Hujanunua Mashine ya Hewa ya Kupandia Ngano, Jibu Maswali Haya Manne

Leo naongea na nyie vijana mnaolima ngano na shayiri kibiashara, mliochoka kuchoma dizeli kwa kulima mara mbili au tatu kabla ya kupanda.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa ukanda wa Basotu, wilayani Hanang, alinipigia simu. "Shikamoo bwana shamba. Nimepata mashine ya hewa ya kupandia bila kulima, mita sita, imetumika. Nusu ya hela ninayo, nusu nakopa. Ninunue?" Nikamuuliza maswali manne, akakwama yote. Nikamwambia, basi usitume hata shilingi. Maswali yenyewe ni haya, na wewe yajibu kabla hujaweka hati ya shamba benki.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Mbegu na mbolea zinakaa kwenye tangi, kila kimoja sehemu yake. Chini ya tangi kuna rola za kupimia. Feni inapuliza hewa, hewa inabeba mbegu kupitia bomba kuu hadi kwenye kichwa cha kugawia, na pale inagawanywa kwenye mipira midogo, kila mstari na mpira wake. Chini, jino au diski linachana ardhi, mbegu inadondoka, gurudumu la nyuma linashindilia. Mabua ya msimu uliopita yanabaki juu ya ardhi, yanatunza unyevu na kuvunja nguvu ya mvua isibebe udongo.

Swali la 1: Una ekari ngapi, na siku ngapi za kupanda?

Mashine hizi zimezoeleka sana Kanada na Australia, kwenye mashamba ya maelfu ya ekari. Fanya hesabu yako, siyo ya kwao. Mashine ya mita 6 ikienda kilomita 7 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kujaza tangi, inapanda kama ekari 7 kwa saa. Kwa siku ya saa nane ni zaidi ya ekari 50. Kijana wangu ana ekari 120. Yaani angemaliza ndani ya siku tatu, halafu deni linaendelea mwaka mzima.

Kwa ekari kama hizo, drili ya kawaida ya mita 3, ambayo mbegu inashuka yenyewe bila feni, ingemaliza kwa siku tano hivi. Ni rahisi kutengeneza na haina mambo mengi. Mashine ya hewa inalipa ukiwa na eneo kubwa, au ukiwa na wateja wa uhakika wa kuwapandia kwa kukodisha. Na wateja wa uhakika ni wale waliokupa malipo ya awali. Waliosema "tutakuja" usiwahesabu.

Swali la 2: Meno au diski?

Hapa ndipo vijana wengi wanachagua kwa video. Diski inakata mabua mengi vizuri, inavuruga udongo kidogo na inaweza kwenda kasi zaidi. Lakini inahitaji uzito ili iingie kwenye ardhi ngumu, ina beringi nyingi za kubadilisha, na udongo mweusi unaonata ukilowa unagandia diski na magurudumu yake. Tena mabua yakiwa na unyevunyevu, diski butu haiyakati. Inayakunja na kuyasukumia ndani ya mfereji pamoja na mbegu. Mbegu inalala juu ya majani badala ya kugusa udongo, haioti.

Meno ni rahisi, spea zake hata fundi wa mjini anaweza kuchonga, na yanaingia ardhi ngumu bila uzito mkubwa. Ubaya wake, mabua marefu yanajikusanya kwenye meno kama reki, na udongo unaovurugwa unaamsha magugu. Kwa anayeanza, mwenye ardhi iliyoshindiliwa na majembe ya diski kwa miaka mingi, mimi kawaida nashauri meno.

Swali la 3: Trekta lako linaiweza?

Usiangalie nguvu za farasi peke yake. Feni nyingi zinazungushwa na mafuta ya haidroliki, tena mfululizo kutwa nzima. Soma kwenye mwongozo wa mashine inahitaji lita ngapi kwa dakika, halafu soma kwenye mwongozo wa trekta inatoa ngapi. Uliza pia kama mota ya feni inahitaji mpira wa kurudisha mafuta moja kwa moja kwenye tangi la trekta bila presha. Ukikosea hapo, sili zinapasuka siku ya kwanza. Na kumbuka tangi likijaa lina tani kadhaa. Shamba lenye mteremko litakuonyesha.

Swali la 4: Mabua yako yakoje?

Kupanda bila kulima kunaanza siku ya kuvuna. Kombaini ikiacha mabua na makapi kwenye mkanda mmoja nyuma yake, hakuna mashine itakayopanda vizuri juu ya mkanda huo. Mwambie mwenye kombaini afunge kisambazaji, na mkubaliane kabla hajaingia shambani. Pia kaeni na majirani wafugaji mapema. Mifugo ikikaa muda mrefu shambani, hasa ardhi ikiwa mbichi, inamaliza mabua na kushindilia udongo. Na magugu yaliyoota yauawe kwa dawa kabla ya kupanda, maana hakuna jembe litakaloyafukia.

Umeshaipata? Sasa ipange

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe. Miaka michache nyuma niliwasaidia ndugu wawili kupanga mashine ya mita 6 kwa ekari 90. Tulipima jumla ya mbegu, ikaja sawasawa, tukapeana mikono. Wiki mbili baadaye ngano imeota, na kila mashine ilipopita kuna mistari mitano karibu mitupu. Kichwa kimoja cha kugawia kilikuwa na mbolea ya zamani iliyoganda ndani. Mbegu ya mistari ile ilikuwa imeenda kujazana kwenye mistari mingine. Jumla ilikuwa sahihi, mgawanyo ulikuwa mbovu. Muda wa kurudia haukuwepo, magugu yakajaza nafasi, na wale ndugu walivuna hasara ambayo ningeizuia kwa nusu saa ya kazi. Tangu siku hiyo sipimi jumla peke yake.

Fuata hatua hizi:

1. Jua kiasi cha mbegu. Hesabu punje 1,000, zipime. Tuseme ni gramu 40. Unataka mimea 200 kwa mita moja ya mraba, na unatarajia asilimia 80 ziote. Chukua 200 mara 40, gawa kwa 80, unapata kilo 100 kwa hekta. Hiyo ni kama kilo 40 kwa ekari. Mbegu ikiwa nene, kilo zinapanda, kwa hiyo usinakili za mwaka jana.

2. Pima jumla. Moja ya kumi ya ekari ni kama mita za mraba 405. Kwa mashine ya mita 6, hiyo ni mwendo wa mita 67 na nusu. Weka alama kwenye gurudumu linalozungusha rola, endesha umbali huo shambani, siyo barabarani, na uhesabu mizunguko. Kisha inua gurudumu, lizungushe kwa mkono idadi ileile, kinga mbegu. Unatakiwa upate kilo 4. Rudia mara tatu. Jedwali lililobandikwa kwenye mfuniko ni la kuanzia tu, na hata mashine yenye skrini, pima kwa mizani.

3. Pima kila mpira. Funga mfuko wa kitambaa kwenye kila mpira. Usitumie nailoni, inazuia hewa na kukudanganya. Washa feni kwa kasi ya kazi, zungusha tena mizunguko ileile. Kwa mistari 24, kila mfuko uwe na gramu 167 hivi. Ukikuta mfuko uko chini ya 150 au juu ya 185, fungua kichwa cha kugawia na ukague mpira wake.

4. Rekebisha feni. Hewa ikiwa ndogo, mipira inaziba. Ikiwa kubwa mno, mbegu inavunjika au inaruka nje ya mfereji. Chukua punje 100 kutoka kwenye mfuko na 100 kutoka kwenye gunia, ziotesha zote. Za mfuko zikiota chache waziwazi, feni inakuumiza. Ukibadilisha kiasi cha mbolea, rudi uangalie feni, maana mbolea inataka nguvu zaidi.

5. Fukua. Panda mita 50 kwa mwendo wa kazi, shuka, fukua mistari ya kushoto, katikati na kulia. Ngano ikae sentimita 3 hadi 5, igusane na udongo wenye unyevu. Ardhi ikibadilika, fukua tena. Dereva anayeona uvivu kushuka kwenye trekta atakugharimu kuliko dizeli.

6. Urea usiichanganye na mbegu mstari mmoja. Inaunguza. Mbolea ya kupandia pia, ikiwa nyingi, ipitishe pembeni na chini ya mbegu kama mashine yako ina njia hiyo. Na jioni toa mbolea yote ndani ya mashine. Ikilala humo inavuta unyevu na kuganda, na wewe sasa unajua hadithi yangu.

Yule kijana alienda kuiona mashine akiwa na mizani na mifuko 24. Akamwomba muuzaji awashe feni. Mipira mitatu ilikuwa imepasuka, diski zinacheza kwenye beringi, na mistari saba ilikuwa chini ya kiwango. Amekodi drili ya meno kwa msimu huu, na nusu ya hela yake bado anayo.

Kama una mashine tayari, fanya zoezi la mifuko wiki hii, kabla mvua haijakuharakisha. Halafu niandikie kila mpira umetoa gramu ngapi, tutasoma majibu pamoja.