Jina lako likitoka ku biro moja, linaenda wapi?

Hapa Lubumbashi ukienda ku banki ama kununua namba ya telefone, banakuomba karte ya uchaguzi. CENI inaitoa juu ya kuchagua. Lakini karte ya raia haijafikia watu wote, njo maana ile ya kuchagua imekuwa kitambulisho chetu.

Mu kuandikisha wachaguzi mu 2023, CENI ilichukua majina, picha na alama za vidole. Serikali ilitaka kazi yake iunganishwe na ya ONIP, inayotambulisha raia, na ya INS, inayoshugulika na takwimu. Sababu iko: hesabu ya mwisho ya watu wa inchi ni ya 1984, na kuandika mtu mara tatu ni kupoteza feza. Kupashana habari si kosa. Shida ni kupashana bila mwenyewe kujua.

Sheria iko. Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023 inaomba habari za mtu zichukuliwe kwa kazi inayojulikana, na mwenyewe ana haki ya kuziona na kuzisahihisha.

Hapa njo sisi ba-agronome tunaingia. Tukiandika walimaji juu ya mbegu na mbolea, tunaweka jina, telefone, na mahali shamba liko, kwa GPS. Biro ya kilimo inaweza kupitisha listi ku ONG, ONG nayo ku kampuni. Mulimaji alikubali mbegu. Hakukubali kila mtu ajue shamba lake. Mu Haut-Katanga, shaba inaweza kuwa chini ya mahindi, na walimaji wengi hawana karatasi ya udongo. Ile listi inaweza kumufikisha mwenye kutafuta madini mbele mwenye shamba ajue kitu.

Basi mbele ya kupitisha listi, tuulize mambo tatu. Iko mapatano ya kuandikwa kati ya biro hizo? Anayepokea anahitaji nini kweli? Muuza mbegu anahitaji kujua kilo ngapi mu kijiji gani, si telefone ya kila mama. Na mulimaji aliambiwa mu luga anayosikia?

Kama moja inakosa jibu, tufute majina, tupitishe paka hesabu.