AJIRA KATIKA KOMBE LA MATAIFA YA AFRIKA: YAPASAYO KUJULIKANA KABLA YA KUFUNGA SAFARI

Tarehe 27 Septemba 2023, mjini Cairo, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika (CAF) lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Ni jambo la kawaida kwa vijana wa Visiwani na wa Bara kutaka kujua watapataje kazi humo. Lakini penye watafutaji wengi hapakosi walaghai. Hivyo inafaa ieleweke kazi hizo hutoka wapi na hutolewa na nani.

Kazi za mashindano makubwa ni za mafungu manne:

(a) Ujenzi. Hutolewa na mkandarasi wa uwanja au barabara, na huisha kabla mpira haujachezwa. Mfano ni uwanja mpya wa Arusha, uliopangwa kuchukua watazamaji wapatao 30,000.

(b) Huduma za siku za mechi, kama ulinzi, usafi, chakula na usafiri. Kwa kawaida huendeshwa na makampuni yaliyoshinda zabuni. Mwombaji huajiriwa na kampuni, si na CAF.

(c) Kujitolea. Anayejitolea hupata mafunzo na uzoefu, wala hana mshahara. Atakayemwahidi mtu mshahara kwa nafasi hiyo aulizwe vizuri.

(d) Biashara itokanayo na wageni, katika mahoteli, masoko na vyombo vya usafiri.

Watu wengi huliangalia fungu la pili tu, nalo ndilo fupi kuliko yote. Mwezi wa Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalichezwa katika nchi hizo hizo tatu, na Uwanja wa Amaan ulikuwa miongoni mwa viwanja vitano vilivyotumika. Yalianza tarehe 2 na kumalizika tarehe 30. Hayakutimiza hata mwezi mmoja.

Natuchukue mfano wa mkaazi wa Mwankoko, kata iliyomo katika Manispaa ya Singida. Akitaka kwenda Arusha hana budi kupita Katesh na Babati, kisha alipie chumba na chakula ugenini. Ujira wa siku chache huenda usirejeshe hata nauli. Lakini mkoa wake unasifika kwa alizeti na kuku wa kienyeji, vitu ambavyo mahoteli huvihitaji wageni wanapojaa. Akiungana na wenzake wakapeleka mafuta na kuku kwa mkataba, atafaidika bila ya kuhama. Hesabu hiyo hiyo inamhusu mvuvi au mkulima wa Micheweni.

Kwa atakayeajiriwa, ifahamike kwamba kazi na ajira si mambo ya Muungano. Mzanzibari afanyaye kazi Arusha huongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 ya Bara. Mtu wa Mwankoko afanyaye kazi Amaan huongozwa na Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 ya Zanzibar. Sheria ya Bara inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Hata hivyo, sharti hilo halimgusi afanyaye kazi chini ya siku 6 kwa mwezi, naye ndiye kibarua wa siku za mechi. Huyo akubaliane ujira mapema, mbele ya mashahidi.

La mwisho ni ada. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi. Katika maandalizi ya Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, wafanyakazi wengi kutoka Asia na Afrika, wakiwemo Wakenya, walifika wakiwa wamekwisha kuwalipa mawakala kwa fedha za mkopo. Kuanzia Machi 2021 Qatar iliweka mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi, lakini deni la nyumbani lilikuwa likiusubiri.

Kwa hivyo, anayeombwa fedha ili apewe kazi azuie mkono wake, na atoe taarifa kwa Sheha, Mtendaji wa Kata au Ofisi ya Kazi iliyo karibu naye. Kazi ya halali humlipa mtu, haimtozi.